Nyumba Isiyoazimwa Kitu

Nailoni ya kochi ilikwaruza gizani mara moja, kisha kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, nami nilikuwa jikoni nikipapasa kiberiti. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Dorine alikuwa na miaka minne, na kila baba yake aliposafiri, giza likiingia tu alipanda lile kochi kubwa akakaa akiutazama mlango. Hatukuwa tumelivua nailoni ya dukani, lisije likachafuka. Kwa hiyo mtoto akijigeuza kidogo, linasema.

"Dorine, unafanya nini huko?"

"Nimekaa."

"Njoo huku kwenye moto."

"Baba akija atakuta hakuna mtu."

Hiyo ilikuwa mwaka tisini na nne, hapa hapa Mjimwema. Baba yake, Makarius, alikuwa karani wa ghala la ushirika mpaka ghala lilipofungwa. Siku ya mnada wa mali za ghala alikwenda kuaga wenzake, akarudi na viti kumi na viwili vya chuma, vile vya kukunja, walivyokuwa wakikalia wakulima siku za mikutano. Baadaye rafiki yake Kajetani akapata lori, wakaanza kwenda Tunduru, wanashusha mahindi wanapakia korosho. Wakati huo kila mtu mjini alikuwa anauza kitu na kila mtu ananunua. Kila safari Makarius alirudi na kitu. Mara redio kaseti yenye spika mbili, mara kabati la vioo, mara seti ya makochi, mara friji. Friji lile, na umeme wetu ule wa kuja na kuondoka, lilikuwa linatunza maji tu, tena ya uvuguvugu.

Alikuwa anakaa wiki mbili njiani. Masika ikawa wiki nne, maana lori likizama kwenye tope huko Namtumbo mbele, linakaa mpaka ardhi ipende. Mimi nilikuwa nabaki na vitu. Navipangusa asubuhi, jioni navipangusa tena.

Ili nisichanganyikiwe nikajiandikisha masomo ya jioni. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, na nilikuwa na hamu ya kukaa tena kwenye dawati. Saa kumi namchukua Dorine mgongoni, naye anachora chini ya dawati langu mpaka saa kumi na mbili. Siku moja mwalimu wetu wa sayansi kimu alitupa kazi ya nyumbani. Tuandike vitu vyote tulivyo navyo ndani, halafu tuweke alama kwa kila kitu tulichokitumia wiki hiyo.

Nilijaza kurasa mbili. Alama zilikuwa chache: kitanda, sufuria tatu, ndoo, jembe, taa ya chemli, kinu. Kochi halikupata alama, maana nilikuwa sijalikalia. Kabati halikupata. Nilipofika mwisho nikashika kalamu nikitaka kuandika jina la Makarius nione kama atapata alama. Nikajizuia. Mwalimu angeona mimi ni kichaa.

Aliporudi nilimwonyesha lile daftari. Alikuwa amechoka, macho mekundu kwa vumbi, anakula huku amesimama kama watu wa magari wanavyokula. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili.

"Sasa hivi vyote visivyo na alama," akasema, "ndivyo vilivyonipeleka Tunduru?"

"Ndivyo."

Alikwenda kukaa kwenye kochi, nailoni ikalia, akainuka tena kama mtu aliyekalia paka.

Hatukubadilika kwa siku moja. Kwanza liliondoka friji. Miezi mitatu baadaye, kabati la vioo. Redio ilichukua muda, maana Makarius alipenda mpira. Makochi yakaondoka mwaka uliofuata, na siku hiyo Dorine alilia kidogo, kisha akagundua kwamba sebule sasa inatosha kukimbia. Na Makarius, taratibu hivyo hivyo, akaruka safari moja, akaruka mbili, mwisho akamwambia Kajetani atafute mwenzake mwingine. Tulipata kipande cha bonde kule chini kwenye kijito. Tukalima mchicha, nyanya, na vitunguu vya majani. Jioni tunarudi watatu, miguu ina matope, tunakula ugali kwenye sahani moja. Jamani, nilikuwa sijui kwamba mume wangu huwa anaimba akinawa.

Vya mwisho kuondoka vilikuwa vile viti kumi na viwili. Nilivikuta kwenye daftari langu bila alama. Na ni kweli, sikuwa nimevikalia. Bwana mmoja anafungua hoteli ya chakula karibu na stendi, akavihitaji, akaja na mkokoteni. Nilimsaidia kuvifunga kamba mimi mwenyewe, moyo mweupe kabisa.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili nikaanza kusikia nyumba. Sijui nisemeje. Unakaa, unachambua mchicha, unasubiri kitu ambacho hukijui, na hakiji. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ninachosubiri ni hodi.

Zamani haikupita siku. "Shikamoo, mama anasema tunaomba viti sita." "Mama Dorine, kwetu kuna wageni wa mahari, tupatie vyote." Msiba, komunyo ya kwanza, kipaimara, mwali, viti vyetu vilikuwepo. Anayekuja kuviazima anakaa kidogo, anakunywa maji, ananipa habari. Anayevirudisha naye anakaa, ananiambia arusi ilikuwaje, nani alilewa, nani alikosa kupewa nyama. Vilikuwa havina alama kwenye daftari langu kwa sababu wiki nzima vilikuwa kwa watu. Hilo mwalimu hakutufundisha, na mimi sikuuliza.

Kisha likaja la jumuiya. Jumuiya yetu ya kanisani husali kila Alhamisi saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, wakasali nyumba inayofuata. Nikasema wamesahau. Mzunguko wa pili ukafika, wakaturuka tena. Nilikwenda kusali kule kwa wenzangu, nimeketi, naimba, uso unaniwaka.

Baada ya sala nikamfuata mwenyekiti, Mzee Bartolomeo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Bonde linasemaje?"

"Linatoa, baba. Naona zamu yetu imepita mara mbili."

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Tumewapumzisha tu."

"Kutupumzisha na nini?"

"Aah, mwanangu. Binadamu anapanda, anashuka. Hatutaki kuwatia aibu. Mambo yenu yakikaa sawa mtatuita."

"Yamekaa sawa, baba. Yamekaa sawa kuliko zamani."

Akanitazama kwa huruma hasa, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo ikaniumiza. Nikamwambia Alhamisi ijayo tunaisubiri jumuiya kwetu. Akasema sawa. "Lakini watu nitawaambia, sitawaburuta."

Usiku ule sikumwambia Makarius kilichonikuta, ila machozi hayafichiki kwenye nyumba ambayo hamna kitu cha kujifichia. Kesho yake asubuhi, tukiwa bondeni, akaweka chini ndoo ya kumwagilia.

"Ni mimi niliyewakimbiza watu?"

"Siyo wewe."

"Ni viti, basi."

Dorine alikuwa mbele yetu anafukuza kuku wa mtu kwenye mchicha.

"Mama Dorine, mimi nilirudi nyumbani ili usiwe peke yako," akasema. "Sasa nipo, na bado uko peke yako. Siwezi kulitazama hilo."

Jumatatu Kajetani akaja. Yule hajui kubisha hodi kwa sauti ndogo.

"Bwana Mchicha! Upo?"

Akaingia, akazunguka sebule kwa macho akitafuta pa kukaa, akaigeuza ndoo akaikalia. "Shemeji, humu ndani mtu akipiga chafya inajibiwa. Ndoo hii siyo ya maji ya kunywa?"

"Ndiyo hiyo hiyo," nikamwambia.

"Basi nimewapa ladha." Akacheka peke yake, kisha akamgeukia Makarius. "Utingo wangu amekwenda kuoa Mbinga. Ijumaa alfajiri natoka. Korosho zimejaa huko, watu wanagombania. Wiki tatu tu, bwana."

Niliendelea kutwanga. Nilimsikia Makarius akikaa kimya, na ule ukimya nilikuwa naujua tangu zamani.

"Ijumaa," akasema.

Kajetani alipoondoka nikaweka mchi chini. "Ulisema safari zimekwisha."

"Hii moja tu. Nitarudi na viti. Vya plastiki, vile vipya, ishirini. Watu watakuja."

"Moja ndiyo ilivyoanza."

"Kwa hiyo ulitaka nikae nikuangalie ukilia juu ya mchicha?"

"Subiri Alhamisi. Jumuiya inakuja Alhamisi. Wakija, hutakwenda."

Akatazama sakafu tupu. "Watakaa wapi, Mama Dorine?"

Jirani yetu upande wa pili wa ua wa mabua ni Zena. Wao ni watu wa Tunduru, mumewe Abasi ana kibanda cha nguo za mitumba sokoni. Zamani alikuwa haachi kuja. Jioni ile nilimwona anaanua unga, nikasogea kwenye ua.

"Zena, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulilahi. Leo umenikumbuka?"

"Wewe ndiye uliyenisahau. Mwezi wa ngapi hujaingia kwangu?"

Akaacha unga, akashika kiuno. "Nije niseme nini? Zamani nilikuwa nasema nimefuata viti. Hata kama sina mgeni, nilikuwa nachukua viti viwili, navikalia mwenyewe, halafu nakurudishia, ndiyo mazungumzo yetu yanapatikana. Ukaviuza! Bila hata kutuambia! Mtaa mzima ulishangaa. Tukasema, Mama Dorine kachoka kuazimwa."

"Sikuchoka, wallahi."

"Usiniapie kwa kiapo changu." Alikuwa anacheka, lakini siyo sana. "Na wewe tangu umehamia hapa hujawahi kuniomba hata chumvi. Miaka saba. Mtu asiyeomba kitu, akiacha na kutoa, sisi tunamwingilia wapi?"

Nilibaki nimeshika bua la ua. Alikuwa anasema kweli. Mama yangu alinilea hivyo, usiende kwa watu mikono mitupu, usiwe mtu wa kuomba omba. Wakati tuna vitu nilijiona mwema kwa kutoa. Tulipobaki bila vitu nilijiona mwema kwa kutohitaji.

"Zena."

"Bee."

"Nina jumuiya Alhamisi. Sina pa kuwakalisha watu." Maneno yalikuwa mazito kama gunia. "Naomba uniazime mkeka."

Akapiga kofi moja. "Wa kuswalia sikupi. Lakini ule mkubwa alionisukia mama, uchukue. Tena uje uuchukue mwenyewe, ukae kidogo. Usitume mtoto."

Nilikaa mpaka giza likaingia.

Jumatano nilikwenda kwa Bibi Adela, mjane wa nyumba ya pili kutoka kanisani, nikamwomba chungu kikubwa cha togwa. Bibi huyu anasikia anachotaka kusikia. Nikarudia mara tatu, "Chungu, bibi! Naomba chungu!" mpaka majirani wakatoka milangoni kuangalia. Nadhani alinisikia tangu mara ya kwanza. Akanipa, akaniambia kina ufa mdogo pembeni, nisikijaze.

Nilitoka kwake nikiwa na nguvu ya kwenda nyumba zote. Nyumba ya tatu niliyokusudia kuomba ilikuwa na mabenchi mawili mazuri ya mninga. Nilisimama langoni. Nikasikia wanacheka ndani, redio inaimba, na mguu wangu ukakataa. Nikasema nitarudi baadaye. Sikurudi. Nne na tano sikuzikaribia kabisa.

Alhamisi Makarius hakwenda bondeni. Alifagia ua mara mbili. Lakini niliona begi lake la turubai limewekwa nyuma ya mlango, limefungwa, na viatu vyake vya safari juu yake, vimepakwa mafuta. Hatukulizungumzia. Saa tisa na nusu tulitandika mkeka wa Zena sebuleni, nikaweka msalaba na mshumaa juu ya ndoo niliyoifunika kitenge. Togwa ilikuwa tayari kwenye chungu. Dorine, aliyekuwa amefikisha miaka sita, alivaa gauni la Jumapili, akakaa katikati ya mkeka, miguu ameinyoosha.

Saa kumi ikafika.

Watu wawili walipita barabarani, mwanamume na mkewe, wa jumuiya yetu. Walisalimia kwa mbali, wakasema wanawahi mgonjwa. Huenda ni kweli. Saa kumi na robo hakuna mtu. Makarius alikuwa amekaa kizingitini, ameipa barabara mgongo, kama vile hasubiri mtu yeyote. Mimi nilikoroga togwa isiyohitaji kukorogwa.

"Hodi humu!" Zena akaingia, kitenge amejitanda vizuri. "Nimekuja kuona mkeka wangu, mnaukalia kwa adabu au mnauchana."

"Zena, leo ni sala."

"Najua. Kwani nimekuja na ngoma? Nitakaa pale ukutani. Nyie mkihesabu rozari, mimi nitahesabu watoto wangu, nao ni wengi."

Kabla hajamaliza kukaa, fimbo ya Bibi Adela ikagonga mlango. Hakusalimia mtu. "Chungu changu kipo?" akauliza. Nikamwonyesha. Akakiinamia, akagusa ufa kwa kidole, akaridhika. Kuketi chini ilikuwa kazi. Mimi nilimshika mkono mmoja, Makarius mwingine, tukamshusha taratibu kama mzigo wa mayai, na alipofika chini akasema kwa Kingoni kitu kilichomchekesha Makarius, na mume wangu alikuwa hajacheka tangu Jumatatu.

Mzee Bartolomeo akaja wa mwisho, kigoda chake kwapani, Biblia mkononi. Akatazama mkeka, akatazama watu. Alikuwa na aibu.

"Wengine walisema watakuja," akasema.

"Walisema?" Makarius akauliza.

"Walisema."

Tukangoja kidogo zaidi, kwa heshima ya waliosema. Halafu mzee akawasha mshumaa.

Tuliimba, na nyumba yetu tupu ilipokea sauti ikairudisha kubwa, kiasi kwamba waimbaji wanne tulisikika kama kumi. Mzee akasoma Injili, akaeleza kifupi. Nilikuwa nasikia nusu. Nilikuwa nawahesabu, kila mara napata idadi ile ile. Waliokuja ni wale niliowaomba kitu, na mwenyekiti. Ningepata ujasiri wa kuyaomba yale mabenchi, pengine wangekuwa wawili zaidi. Pengine. Na Makarius naye anahesabu, namjua, karani wa ghala haachi kuhesabu. Nilimwona amegeuza uso mara moja kulitazama begi.

Yakafika maombi. Kwetu kila mtu husema ombi lake kwa sauti, wengine wanaitikia. Mzee aliwaombea wagonjwa wa mtaa. Tukaitikia. Bibi Adela aliwaombea marehemu wake, akawataja mmoja mmoja, ikachukua muda, na kila jina alilitaja kana kwamba mwenyewe yupo mlangoni anasubiri kukaribishwa. Tukaitikia. Zena kutoka ukutani akasema amina kubwa kuliko yetu sote.

Makarius akainamisha kichwa. Midomo ilicheza, lakini sauti haikutoka.

Ikafika kwangu. Nilikuwa nimeliandaa ombi tangu Jumatatu, nimelifanyia mazoezi nikitwanga. Lakini mwenyekiti yupo, na Bibi Adela yupo, na mwanamke hatoi siri ya chumbani kwake mbele ya jumuiya. Nikasema, "Tuziombee familia zote." Wakaitikia. Nililiona ombi langu likipita juu ya vichwa vyao likitoka dirishani, halina hata mtu ndani yake.

Mzee Bartolomeo akafungua kitabu atafute ukurasa wa Baba Yetu, ingawa Baba Yetu anaijua tangu utotoni. Watoto kwa kawaida hawaombi. Huachwa wacheze nje, au walale mapajani. Dorine alisimama katikati ya mkeka, akashusha gauni lake lililokuwa limepanda, akaunganisha viganja kama alivyofundishwa, akamtazama mzee, wala siyo baba yake.

"Naomba baba asiende Tunduru kesho."